Mgeni, Mwenyeji na Boma la Mikindani

Katika mila za watu wetu wa pwani, mgeni hana ruhusa ya kuvuka kizingiti kabla ya kupiga hodi na kuitikiwa karibu. Akipiga hodi mara tatu pasipo kujibiwa, humpasa kurudi alikotoka, hata kama mlango uko wazi na chungu kinatokota jikoni. Desturi hii ni ndogo kuitazama, na watoto hufundishwa kabla hawajajua kuhesabu. Lakini ndani yake imo sheria nzima ya ugeni. Nyumba ina mwenyewe. Mwenyewe ndiye atoaye ruhusa. Naye mgeni, awe tajiri au fukara, hupokea heshima yake kutoka mkononi mwa mwenyeji. Mwenyeji kwa upande wake hutakiwa kutoa kilicho bora alicho nacho. Ndiyo maana wazee wakasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kwa kuwa siku ya mgeni ndiyo siku ya kitoweo kwa nyumba nzima. Wala ugeni haukukusudiwa kuwa wa milele: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Siku hizi imezuka namna nyingine ya ugeni. Mtu hutoka Ulaya, Marekani au Asia, akalipa fedha nyingi ili ale, alale na kustarehe katikati ya utamaduni wa watu wengine. Kaskazini mwa Kenya, katika nchi ya Wasamburu, zipo kambi za kifahari ambamo mgeni huongozwa porini na vijana wamorani, hutazama shanga zikitungwa, na jioni huoneshwa ngoma kando ya moto. Kwetu Tanzania kambi na hoteli za namna hiyo ni nyingi kaskazini. Lakini hata pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma, wageni wa namna hiyo wamekwisha kufika. Hapana budi tujiulize: panapouzwa malazi, utamaduni na tabasamu kwa pamoja, mwenyeji ni nani? Ni yule mwenye hati ya jengo, au yule mwenye ngoma? Ili kulijibu swali hili yafaa tutazame nyuma, kwa maana pwani ya Mtwara imepokea wageni wa kila aina, na kila aina imetuachia funzo lake.

Tuanze na mgeni aliyepanga nyumba. Tarehe 19 Machi 1866, David Livingstone aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, huku jahazi lenye wanyama na mizigo yake likivutwa nyuma. Nia yake ilikuwa kushuka kwenye mlango wa Ruvuma na kufuata mto huo kwenda bara. Lakini mlango wa Ruvuma ni nchi ya mikoko, tope na vijito, na ngamia hawakupata pa kukanyaga. Ikambidi arudi kaskazini mpaka ghuba ya Mikindani, akashuka huko tarehe 24 Machi. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu wa kupandwa 2 na punda 4, pamoja na askari wa Kihindi, watu wa Komoro na vijana wa Kiafrika, ambao mmoja wao alikuwa Chuma, mzaliwa wa Uyao. Siku ya pili yake aliandika katika shajara yake kwamba amekodi nyumba mjini kwa dola nne kwa mwezi.

Mwalimu awezaye kusimulia habari hii darasani asiipite haraka hiyo kodi ya dola nne. Vitabu vingi vya zamani vilizoea kumweleza Mzungu kama mtu aliyefika mahali pasipo na mwenyewe. Kumbe Mikindani ulikuwa mji wa Waswahili wenye nyumba za mawe na chokaa, wenye bandari, wafanya biashara na bei zake. Pembe za ndovu zilipita hapo, na kwa aibu ya historia yetu, watumwa pia walipita hapo, wakiletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Livingstone, aliyeichukia biashara hiyo kwa moyo wake wote, alilala miongoni mwa watu walioishi kwayo, akalipa kodi, na mwezi Aprili akaondoka kwenda bara asirudi tena pwani akiwa hai. Waliomrudisha ni Chuma na Susi na wenzao, waliobeba maiti yake kutoka nchi ya Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Leo Mikindani ina nyumba iitwayo kwa jina la mgeni huyo. Jina la mwenye nyumba aliyepokea zile dola nne halikuwekwa ukutani. Hapo pana funzo la kwanza: kumbukumbu za ugeni huandikwa na mgeni, na mwenyeji asipoandika yake, jina lake huzikwa pamoja naye.

Mgeni wa pili hakupiga hodi. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikabidhi kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya kutoza ushuru na kutawala pwani. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi Septemba mwaka huo walisimama kuanzia Pangani hadi kusini, na mawakala wa kampuni waliokuwa Lindi na Mikindani wakakimbilia baharini. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodiwa; mwezi Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zikaangukia mikononi mwake, moja baada ya nyingine.

Wakati huo, katika uwanda wa juu wa Makonde, alikuwako mtawala wa Kiyao aliyeitwa Machemba, mwenye ngome yake Luagala. Wissmann alimtaka aje kumtii. Machemba akajibu kwa barua ya Kiswahili mwaka huo huo wa 1890, barua ambayo ingefaa ijulikane na kila kijana wa Tanzania. Maana yake ilikuwa hivi: kama Wajerumani wataka urafiki, yeye yu tayari leo na siku zote, ama kuwa mtu wa chini yao, hilo hawezi. Itazameni busara yake, enyi vijana. Machemba hakumkataa mgeni. Alibainisha mpaka kati ya mgeni na bwana. Alipigana na Wajerumani kwa miaka, na mwaka 1899 alipozidiwa nguvu alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Wajerumani kwa upande wao walikuwa wamekwisha kujenga. Mwaka 1895 walisimamisha Boma la Mikindani juu ya kilima kinachoitazama ghuba: jengo jeupe lenye kuta nene, mnara, ua wa ndani na mlango mzito wa mbao. Neno lenyewe "boma" watu wetu wamelijua tangu kale kuwa ni ukuta au ua wa kulinda watu na mifugo. Mtawala wa kigeni alilichukua neno la ulinzi akalivika jengo la amri. Tangu hapo kwenda bomani kukawa na maana ya kwenda kulipa kodi, kwenda kushitakiwa, au kwenda kungoja juani mpaka bwana mkubwa amalize chai yake. Mwenyeji akawa ndiye apigaye hodi katika nchi yake mwenyewe. Waingereza walipolirithi Boma baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuibadili desturi hiyo. Lililopunguza ukuu wa Mikindani ni mradi wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kukomeshwa mwaka 1951; bandari mpya ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, utawala ukahamia huko, na mji wa kale ukaachwa na magofu yake.

Yuko mgeni wa tatu, ambaye hakuja kutawala wala kufanya biashara: alikuja kutazama. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule kutoka makumbusho ya Leipzig alifika kusini. Alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya kupiga picha za kutembea. Aliwanasa Wamakonde, Wayao na Wamakua katika nyimbo na ngoma zao, akanunua vinyago na vyombo, akasafirisha shehena kubwa kwenda Ulaya. Hatuwezi kusema kuwa kazi yake haina faida. Mengi aliyoyaandika yangekwisha kupotea. Lakini alifanya kazi chini ya kivuli cha bendera iliyokuwa ikiwanyonga ndugu za hao aliowapiga picha. Mtu aliyeombwa kucheza mbele ya mashine ile, huku askari wamesimama kando, hakuwa na uhuru wa kusema, "Leo sichezi." Tuliweke akilini jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Mgeni wa nne alitaka kuwa mwenyewe. Katika ufuko wa Msimbati, kwenye rasi iliyo karibu na maingilio ya Ruvuma, aliishi mtumishi mstaafu wa serikali ya kikoloni, Mwingereza Latham Leslie-Moore. Ufuko ule ulimkaa moyoni hata akaanza kudai kuwa rasi ya Msimbati iwe nchi yenye uhuru wake. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilimfukuza. Watu hucheka wasikiapo kisa hiki, na kweli kinachekesha. Lakini ndani ya kichekesho pana onyo: mgeni aliyekaribishwa kwa wema na kupewa mahali pazuri kuliko pote aweza kusahau kwamba amekaribishwa.

Na mgeni wa tano? Huyo hakuwa na kitu. Baada ya Wareno kuwaua watu mjini Mueda tarehe 16 Juni 1960, na hasa baada ya FRELIMO kuanzisha vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu wa Msumbiji walivuka Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni. Wengi walikuwa Wamakonde, ndugu kwa damu na lugha wa hawa wa upande wetu. Hawakulala katika vyumba vya kulipiwa. Walipewa mihogo, wakapewa ardhi ya kulima, na baadhi yao walikaa miaka kumi na zaidi, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Watu wa Mtwara hawakuwa matajiri katika miaka hiyo, na mabomu na mabomu ya ardhini ya Wareno hayakuchagua upande wa mto. Hata hivyo mlango haukufungwa. Nikisikia mtu akisema kuwa ukarimu wa Mtanzania ni wa asili, mimi huukumbuka mto huu, kwa kuwa hapo ukarimu ulikuwa na gharama, na gharama ikalipwa.

Baada ya kuwatazama hao watano, sasa tumrudie mgeni wa leo. Si mara ya kwanza nchi yetu kujiuliza habari zake. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walianzisha mjadala mkali magazetini kuhusu utalii. Wengine walisema kuwa utalii huleta fedha za kigeni na kazi. Wengine wakahofia kuwa utafanya taifa lililojikomboa kuwa taifa la watumishi wa mezani, na utamaduni wake kuwa kichekesho cha jioni. Makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa Shivji na kuchapishwa kitabu mwaka 1973. Tangu hapo siasa ya uchumi imebadilika sana, na hoteli zimejengwa kila upande. Lakini swali la vijana wale halijazeeka.

Mikindani ililipata swali hilo kwa namna ya pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikarabati Boma lililokuwa limechakaa, likafunguliwa kuwa hoteli, kwa nia ya kuwafundisha vijana wa mji kazi za ukarimu na ufundi, na kuuamsha mji wenyewe. Jengo lililosimamishwa ili kuamrisha likawa jengo la kupokea. Mlango uliokuwa ukimtisha mkulima ukamkaribisha msafiri. Wapo waliosema kuwa ingefaa libaki gofu ili liwe ushahidi wa dhuluma. Mimi siafikiani nao: gofu halifundishi mtu, hubomoka, na ushahidi wake hubomoka pamoja nalo. Lakini chumba safi nacho chaweza kusahaulisha. Mgeni alalaye katika boma la mwaka 1895 na kusifu upepo wa ghuba anastahili kuambiwa ni nani waliongoja juani nje ya mlango ule. Kumwambia si utovu wa adabu. Ni sehemu ya ukaribisho.

Hapa naomba ruhusa ya kusimulia jambo langu mwenyewe. Yapata miaka ishirini iliyopita, nikiwa mtumishi mdogo katika mambo ya utamaduni, niliombwa kutafuta kikundi cha ngoma kwa ajili ya wageni waliofikia katika nyumba moja ya pwani, ambayo sitaitaja. Nilimwendea mzee mmoja wa Kimakonde, mwenye ngoma ya midimu, ambayo ndugu zetu wa upande wa pili wa Ruvuma huiita mapiko. Msomaji asiyeijua na ajue kuwa katika ngoma hiyo mchezaji huvaa kinyago cha mti mwepesi kichwani na kujifunika mwili wote. Ni ngoma ya kuwapokea vijana watokao jandoni na unyagoni, na aliye ndani ya kinyago hatajwi wala hajulikani. Mzee alikubali kuwaonesha wageni sehemu ile isiyokatazwa kuonwa na watu wote.

Ngoma ilikwenda vizuri. Ilipokwisha, msimamizi wa nyumba alinijia, akaniambia kuwa wageni wanataka mchezaji avue kinyago ili wapige naye picha, na kwamba malipo yangeongezwa. Mimi, kwa ujinga wa ujana na hofu ya wakubwa, nikaupeleka ujumbe ule. Mzee alinitazama kwa kitambo. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hawa wamelipia kuona. Hawakulipia kujua." Akawaashiria vijana wake, wakafunga ngoma zao. Usiku ule nusu ya malipo ilikatwa, eti kazi haikukamilika, na kikundi kikarudi kijijini kwa miguu.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa wa mzee. Lakini kukisimulia nusu si haki. Njiani vijana wa kikundi walinung'unika, nao walikuwa na hoja. Mmoja wao alisema kwamba heshima ya kinyago hailipi karo ya mtoto. Mzee hakumjibu, nami sikuwa na jibu. Leo ninalo, ingawa limechelewa. Kosa halikuwa la kijana aliyetaka fedha, wala la mzee aliyekataa. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyekaa katikati nikakubali mapatano ya mdomo, bila kuandika mapema kile kitakachooneshwa, kile kisichooneshwa, na malipo ambayo hayatapunguzwa kwa sababu ya kukataa. Nilimwacha mzee achague kati ya ada za wahenga wake na chakula cha watu wake. Mwenyeji aliyefikishwa hapo amekwisha kunyang'anywa nusu ya uenyeji wake.

Jibu la swali letu la awali, basi, ni hili: mwenyeji ni yule awezaye kusema hapana na bado akala chakula chake cha jioni. Tazameni tena Wasamburu. Katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, iliyoundwa mwaka 1995, kambi ya Sarara ni mali ya jamii yenyewe. Wakati wa kiangazi wachungaji wa huko huchimba visima virefu katika mchanga wa mito iliyokauka, wakapokezana vyombo vya maji kutoka chini hadi juu huku wakiwaimbia ng'ombe wao, na kila ng'ombe huijua sauti ya mwenyewe. Mgeni wa kambi huruhusiwa kwenda kutazama. Kupiga picha haruhusiwi. Bei aliyolipa, hata iwe kubwa namna gani, hainunui picha hiyo. Na kwa kuwa kambi ni yao, katazo hilo haliwanyimi chakula. Hicho ndicho alichokosa mzee wangu wa midimu.

Kwetu kusini tunavyo vya kuanzia. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650, ndani yake mkiwa na matumbawe, mikoko, kasa na vijiji vya wavuvi. Hifadhi hiyo ina watu ndani yake, na wenyeji wake hawafai kuhesabiwa pamoja na kasa kama mapambo ya mandhari. Mjini Mtwara limekuwa likifanyika tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Huko ngoma huchezwa kwanza mbele ya watu wenyewe, na mgeni hukaribishwa kuketi pamoja nao. Ngoma inayochezwa kwa ajili ya wenyewe haifi hata wageni wasipokuja.

Kadhalika tujihadhari na hofu iliyozidi. Utamaduni si chumvi ya kufungiwa mtungini isiingie unyevu. Neno "kinyago" lilihusu hasa mambo ya jandoni. Leo ni jina la kila sanamu ya mpingo iuzwayo barabarani. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alizusha mtindo wa mashetani, akamuuzia mfanya biashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, na mtindo huo ukaenea duniani. Wanunuzi walikuwa wageni, lakini jicho na tezo vilikuwa vya Mmakonde. Huo ni ushahidi kwamba mtu aweza kuuza kazi ya mikono yake asiuze siri ya nyumba yake, ilimradi yeye mwenyewe ndiye anayeuchora mstari.

Walimu wenzangu wa taifa, na ninyi vijana wa sekondari, kazi iliyobaki ni yenu. Nendeni Mikindani mkalitazame Boma, kisha mteremke mjini mkawaulize wazee majina ya watu walioishi katika nyumba zile za mawe, mkayaandike. Katika kila kijiji chenye ngoma, wakalisheni wenye ngoma na vijana wao, mwandike kwa Kiswahili safi kile ambacho mgeni ataoneshwa na kile ambacho hataoneshwa, pamoja na ujira wake, kabla mgeni mwenyewe hajafika. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wote na kutiwa sahihi. Kisha fungueni mlango, na atakapopiga hodi, mwambieni karibu kwa sauti kubwa, kama baba zetu walivyofanya kwenye kingo za Ruvuma.